Wimbi jipya la miaka ya 1980: bendi za sintesaiza, zilikotoka na zinavyotuhusu

Anayeshuka kutoka katikati ya jiji la Kigali kuelekea kituo cha mabasi cha Nyabugogo hupita Muhima, sekta ya wilaya ya Nyarugenge iliyojengwa mtelemkoni. Ni njia ya wafanyabiashara na wasafiri wanaotoka au kwenda Goma, Bujumbura, Kampala na Dar es Salaam, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosikika humo mchana kutwa. Muziki nao haukosekani. Kati ya nyimbo za dini, rumba na vibao vya vijana wa leo, mara kwa mara huchomoza kinanda cha miaka ya 1980, chenye sauti kavu inayometameta, juu ya mdundo usioyumba kwa kuwa haupigwi na mkono wa mtu.

Wengi waliokua wakisikiliza redio katika miaka hiyo hutambua sauti hizo mara moja, lakini hawajui ni nani aliyezipiga. Watangazaji walitaja majina kwa haraka, kaseti zilinakiliwa bila majalada, na wimbo ukabaki kichwani bila mwenyewe. Makala haya yanaeleza bendi kuu za mkondo huo, vyombo vilivyouwezesha, na mahali ambapo historia yake inakutana na yetu sisi wa Afrika Mashariki na Maziwa Makuu. Makutano hayo ni mengi kuliko inavyodhaniwa.

Jina lina maana gani?

Mwaka 1976 na 1977 vijana wa Uingereza na Marekani walizusha muziki wa panki: magitaa machache, kelele nyingi, na imani kwamba mtu hahitaji kuhitimu chuo cha muziki ndipo apande jukwaani. Moto huo haukudumu. Waliofuata walibaki na ile imani, wakaacha kelele na kuanza kutafuta sauti nyingine. Hao ndio walioitwa wimbi jipya. Ndani yao kulikuwa na kundi lililoweka gitaa kando na kushika sintesaiza, na muziki wake ukajulikana kama pop ya sintesaiza. Mipaka kati ya makundi hayo mawili haikuwa mikali, kwani bendi moja iliweza kuwa huku na huku katika albamu moja.

Nchini Ujerumani Magharibi mkondo huo uliitwa Neue Deutsche Welle, yaani wimbi jipya la Kijerumani. Msikilizaji wa Kigali hatashindwa kulitambua neno la mwisho. Idhaa ya Deutsche Welle ilikuwa na mitambo yake ya kurushia matangazo katika kilima cha Kinyinya, hapa hapa Kigali, tangu miaka ya 1960 hadi ilipofungwa mwezi Machi 2015. Kwa Kijerumani, kama ilivyo kwa Kiswahili, wimbi ni la bahari na ni la redio pia.

Vyombo vilivyobadilisha mambo

Gitaa hutoa sauti kwa waya unaotetemeka, na ngoma kwa ngozi iliyowambwa. Sintesaiza haina kinachotetemeka ndani yake isipokuwa umeme. Mzunguko wa umeme hutengeneza mtetemo, kichujio hukata sehemu za sauti zisizotakiwa, na vitufe vingine huamua sauti ianze kwa ghafla au polepole, ikatike au ififie. Kipaza sauti ndicho kinachougeuza mtetemo huo kuwa kitu cha kusikika.

Katika miaka ya 1960 mashine za aina hiyo zilijaza ukuta wa chumba na bei yake ilikuwa ya vyuo vikuu na matajiri. Mwaka 1970 ikaja Minimoog, iliyoweza kubebwa hadi jukwaani. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya ngoma iitwayo TR-808. Mwaka 1983 Yamaha ikatoa DX7, ambayo sauti zake za kengele na za piano ya umeme zilienea duniani kote, na mwaka huo huo makampuni yakakubaliana kuhusu lugha moja ya kuwezesha vyombo vya watengenezaji mbalimbali kuwasiliana, yaani MIDI. Bei zikashuka. Vijana wawili wenye chumba kimoja wakaweza kufanya kazi iliyohitaji bendi nzima.

Mabadiliko hayo hayakuishia Ulaya. Vinanda vya ukoo huo ndivyo vilivyoingia baadaye katika kwaya za makanisa yetu, katika bendi za Kinshasa, na katika taarab ya kisasa ya miaka ya 1990 iliyoongozwa na makundi kama East African Melody na Tanzania One Theatre. Katika taarab hiyo kinanda kilichukua sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ya fidla, ganuni na akodiani. Wapo waliokilaani kwa kuua okestra, na wapo waliokishukuru kwa kuipa taarab ukumbi mpya. Ubishi huo huo ulisikika London miaka kumi kabla.

Waasisi: Düsseldorf na Tokyo

Kraftwerk. Walianza Düsseldorf mwaka 1970 chini ya Ralf Hütter na Florian Schneider. Albamu yao ya 1974, Autobahn, ilihusu barabara kuu za Ujerumani. Ya 1975 ilicheza na maneno redio na mnururisho. Ya 1981 ilihusu kompyuta, kabla kompyuta hazijaenea majumbani. Waliimba kwa sauti kavu na kusimama jukwaani kama makarani, na karibu kila bendi itakayotajwa hapa inawadai shukrani. Mwaka 1982 Afrika Bambaataa wa New York alitumia muziki wao katika Planet Rock, moja ya misingi ya hip hop.

Yellow Magic Orchestra. Haruomi Hosono, Yukihiro Takahashi na Ryuichi Sakamoto walikutana Tokyo mwaka 1978. Walikuwa na ucheshi pale Kraftwerk walipokuwa na ukali, na walichanganya sintesaiza na ladha za muziki wa Asia. Takahashi na Sakamoto walifariki dunia mwaka 2023.

Waingereza

The Human League. Walitoka Sheffield, mji wa viwanda vya chuma. Mwaka 1980 bendi iligawanyika na mwimbaji Phil Oakey akabaki karibu peke yake. Aliwachukua wasichana wawili wa shule aliowaona wakicheza dansi katika ukumbi wa mjini humo, Joanne Catherall na Susan Ann Sulley. Mwaka uliofuata wakatoa albamu ya Dare, na wimbo Don't You Want Me ukashika nafasi ya kwanza Uingereza, kisha Marekani mwaka 1982.

Depeche Mode. Vijana wa Basildon, mashariki ya London, walioanza mwaka 1980. Vince Clarke, aliyetunga sehemu kubwa ya albamu yao ya kwanza, aliondoka mwishoni mwa 1981 na wengi wakadhani bendi imekwisha. Martin Gore akachukua kalamu. Mwaka 1983 walizunguka penye vyuma chakavu na majengo yanayojengwa, wakigonga hiki na kile na kurekodi, kisha wakageuza milio hiyo kuwa ngoma. Clarke naye hakupotea: aliunda Yazoo pamoja na Alison Moyet, halafu Erasure pamoja na Andy Bell.

New Order. Wanachama watatu wa Joy Division ya Manchester walibaki bila mwimbaji baada ya kifo cha Ian Curtis mwezi Mei 1980. Walikubaliana kuendelea kwa jina jipya, wakamwongeza Gillian Gilbert kwenye kinanda, na mwaka 1983 wakatoa Blue Monday, wimbo wa zaidi ya dakika saba ulioingiza huzuni katika ukumbi wa dansi. Jalada lake lilitengenezwa mfano wa diski ya kompyuta.

Orchestral Manoeuvres in the Dark. Wimbo wao Enola Gay wa mwaka 1980 una kinanda chepesi kinachomfanya mtu atikise kichwa, lakini jina lake ni la ndege ya Marekani iliyodondosha bomu la atomiki juu ya Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Rubani aliipa ndege hiyo jina la mama yake. Msikilizaji wa kanda hii ana sababu ya ziada ya kutulia anapousikia: sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa mabomu hayo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji, miongoni mwa watu wanaozungumza Kiswahili.

Eurythmics na Pet Shop Boys. Haya ni makundi ya watu wawili wawili, jambo lililowezekana kwa sababu ya mashine. Annie Lennox na Dave Stewart walifika kileleni Marekani mwaka 1983 kwa Sweet Dreams. Neil Tennant na Chris Lowe walifanya hivyo mwaka 1986 kwa West End Girls, mmoja akiimba karibu kama anayeongea, mwingine akisimama kimya nyuma ya kinanda.

Bara la Ulaya

Telex. Watu watatu wa Brussels, Marc Moulin, Dan Lacksman na Michel Moers, walianza mwaka 1978. Mwaka 1980 waliiwakilisha Ubelgiji katika shindano la nyimbo la Eurovision kwa wimbo uliolidhihaki shindano lenyewe, wakamaliza karibu na mkia. Msikilizaji alikumbuke jina la mji huo, kwani tutaurudia.

Nena na Alphaville. Nena aliimba kwa Kijerumani mwaka 1983 juu ya maputo 99 yanayodhaniwa kuwa vyombo kutoka anga za juu na kuzusha vita. Ulikuwa wimbo wa Berlin iliyogawanywa kwa ukuta. Alphaville wa Münster waliimba kwa Kiingereza, na Forever Young ya 1984 ingali inapigwa kwenye harusi na mahafali.

a-ha. Vijana watatu wa Norway waliorekodi Take On Me zaidi ya mara moja kabla haijafanikiwa mwaka 1985, ikisaidiwa na video iliyounganisha watu halisi na michoro ya penseli. Televisheni ya muziki ya MTV ilikuwa imeanza Marekani mwaka 1981, na sura ikawa na thamani sawa na sauti. Hapa Rwanda televisheni ya taifa ilianza mwaka 1992. Kwa hiyo Kigali ya miaka ya 1980 ilizijua nyimbo hizo kwa sikio, si kwa jicho.

Mtoto wa Mji Mkongwe

Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Waparsi ambayo baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Alisoma India, akarudi Zanzibar, na mwaka 1964, baada ya mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Dunia ilimjua kwa jina la Freddie Mercury.

Bendi yake, Queen, ilikuwa ya roki, na katika miaka ya 1970 majalada ya albamu zake yalijivunia kuandika kwamba hakuna sintesaiza ndani yake. Mwaka 1980, katika The Game, wakaikubali. Mwaka 1984 wakatoa Radio Ga Ga, wimbo wa mpiga ngoma Roger Taylor uliojengwa juu ya kinanda na mashine ya ngoma, unaoiomba redio isife mbele ya televisheni. Mercury mwenyewe alitoa albamu ya peke yake iliyojaa sintesaiza mwaka 1985. Alifariki dunia tarehe 24 Novemba 1991.

Kamera ya Mnairobi

Tarehe 23 Oktoba 1984 BBC ilionyesha picha za njaa kutoka Korem, kaskazini mwa Ethiopia. Sauti ilikuwa ya mwandishi Michael Buerk. Kamera ilikuwa ya Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi. Bob Geldof wa bendi ya Boomtown Rats ya Ireland aliziona, akamtafuta Midge Ure wa Ultravox, mmoja wa mabingwa wa sintesaiza, na wawili hao wakatunga wimbo. Tarehe 25 Novemba waliwakusanya nyota wa wimbi jipya katika studio moja ya London: Duran Duran, Spandau Ballet, Boy George, Bananarama na wengineo. Wimbo wa Band Aid ukawa ulionunuliwa kuliko wote Uingereza hadi mwaka 1997, na Julai 1985 ukafuatiwa na tamasha la Live Aid la London na Philadelphia.

Fedha zilizochangwa zilikuwa nyingi na nia ilikuwa njema. Hata hivyo malalamiko ya Waafrika dhidi ya wimbo huo hayajakoma, na yana msingi. Uliuliza kama watu wa huko wanajua kuwa ni Krismasi, ilhali Ethiopia ni nchi yenye Ukristo tangu karne ya 4 na husherehekea sikukuu hiyo mwezi Januari. Uliichora Afrika kama jangwa moja lisilo na mto wala jina. Aliyepeleka picha alikuwa Mwafrika Mashariki mwenye kujua kila kijiji alichopiga picha. Walioimba hawakuwa na Mwafrika wa bara hili wa kuwasahihisha. Amin alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa mwaka 1991, akaendelea na kazi, na akafa mwezi Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Komoro.

Afrika haikuwa msikilizaji tu

Wakati huo huo Waafrika walikuwa wakibonyeza vinanda vyao wenyewe. William Onyeabor wa Enugu, Nigeria, alitoa albamu zake kati ya 1977 na 1985, zenye sintesaiza zilizopangwa juu ya mdundo wa fanki. Baadaye aliacha muziki wa dunia na hakupenda kuuzungumzia. Alifariki dunia mwaka 2017. Hailu Mergia, Mwethiopia aliyebaki Washington baada ya safari ya bendi yake, alirekodi mwaka 1985 albamu ya akodiani, DX7 na Moog, akizigeuza nyimbo za wazee wake kuwa kitu ambacho hakikuwahi kusikika. Kwa miaka mingi aliendesha teksi. Muziki wa wote wawili ulitolewa upya mwaka 2013 na vijana wa Ulaya wakaushangaa kana kwamba umetungwa jana.

Pwani ya Kenya nako, mwaka 1982, Them Mushrooms walitoa Jambo Bwana, utunzi wa Teddy Kalanda Harrison. Mwaka uliofuata Boney M., kundi lililotengenezwa studio nchini Ujerumani Magharibi, likaurekodi kwa mtindo wake wa dansi. Hivyo Kiswahili kikaingia katika kumbi za Ulaya kwa mlango huo. Huko New York, Talking Heads, moja ya bendi mashuhuri zaidi za wimbi jipya, ilitengeneza albamu yake ya 1980, Remain in Light, ikiwa imemsikiliza Fela Kuti kwa makini. Mkopo ulikwenda pande zote mbili, ingawa malipo hayakwenda hivyo.

Kigali: kilichopotea na kilichorudi

Katika miaka hiyo ya 1980 Kigali ilikuwa na bendi zake, Orchestre Impala ikiwa miongoni mwa zilizopendwa sana. Redio Rwanda, iliyoanza mwaka 1961, ndiyo iliyozifikisha vijijini, na kaseti ndiyo iliyozihifadhi. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliwaua wanamuziki pamoja na wasikilizaji wao. Mmoja wao ni André Sebanani, mwimbaji na mwigizaji wa michezo ya redio, ambaye sauti yake ingali inatambulika nchini kote. Nyumba ziliporwa au kuchomwa, na makasha ya kaseti yaliteketea humo pamoja na picha na barua.

Miongoni mwa waliouawa alikuwa Pierre Rutare, msanifu wa majengo. Mwanawe, Paul Van Haver, alikuwa amezaliwa Brussels mwaka 1985 na mama Mbelgiji. Kijana huyo alichukua neno maestro, akageuza silabi zake na kujiita Stromae. Mwaka 2009 kibao chake Alors on danse kilivuma Ulaya nzima kikiwa na kinanda cha umeme, mdundo wa mashine na maneno ya huzuni juu ya muziki wa kuchezeka, yaani mapishi yale yale ya wimbi jipya, katika mji ule ule wa Telex. Mwaka 2013 alitoa Papaoutai, wimbo wa mtoto anayemtafuta baba asiyekuwepo. Tarehe 17 Oktoba 2015 aliuimba mjini Kigali, mbele ya watu wa mji wa baba yake. Kwa wengi waliokuwepo, huo haukuwa muziki wa kigeni.

Aanzie wapi msikilizaji?

Anayetaka kuufahamu mkondo huu kwa jioni moja asikilize kwa mpangilio huu: Kraftwerk ya 1978, The Human League ya 1981, Blue Monday ya 1983, Hailu Mergia ya 1985, kisha amalizie na Stromae ya 2013. Atasikia jinsi mashine ilivyoanza ikiiga ubaridi wa kiwanda, ikajifunza majonzi, ikaguswa na mikono ya Kihabeshi, na hatimaye ikabeba msiba wa Rwanda.

Na mwenye kaseti za zamani nyumbani, ziwe za Impala, za taarab au za Depeche Mode, asizitupe. Aziweke mbali na jua, unyevu na spika zenye sumaku. Asafishe kichwa cha redio kaseti kwa pamba yenye spiriti kabla ya kuicheza kanda, na kanda iliyokaa miaka mingi aipeleke mbele na kuirudisha nyuma mara moja kwanza ili isigande. Kisha ainakili kwenye kompyuta au simu ingali inalia, na aandike jina la mwimbaji, mwaka, na mahali ilipotoka. Sauti ya kanda hupungua mwaka hadi mwaka, na wanaokumbuka majina nao wanazeeka. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha rasmi ya nchi hii; kumbukumbu za waliokizungumza hapa zamani, pamoja na nyimbo walizozipenda, zinastahili kuhifadhiwa pia.